Maji ya Wageni

Siku niliyokabidhi funguo za maabara, vijana wawili walionipokea kazi waliniuliza ni kifaa gani nitakachokikumbuka zaidi. Nadhani walitaka niseme mizani, maana ndiyo waliyokuwa wakiipangusa tangu asubuhi. Nikawaambia ni kigoda. Wakacheka, wakidhani Madam Zuhura ameanza utani wa wastaafu. Lakini sikuwa natania. Kile kigoda cha mbao kilicho karibu na dirisha hakitajwi katika kitabu chochote cha kemia, na bado kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu amekikalia. Nusu ya kazi ya maabara ni kungoja. Ngoja kichemke, ngoja kikauke, ngoja kipoe, ngoja stima irudi. Asiyejua kungoja hafai kupewa hata kibiriti.

Basi haya nawaandikia nyinyi wawili, pamoja na watakaowafuata. Vyeo nitaviacha, kwa sababu vilikuwa vichache. Mshahara nao nitauacha, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kufika na kuondoka bila kuniaga.

Mimi ni mtoto wa mjini Kisii. Baba yangu aliuza leso na vitambaa karibu na soko, na nyumbani tulisema Kiswahili tangu tukiwa wadogo, jambo lililowafanya wanafunzi wangu kuniambia nazungumza kama taarifa ya habari. Nilipoanza kazi pale chuoni nilikuwa na cheti kipya, viatu vipya, na imani kwamba najua kemia. Mkuu wa maabara wakati huo alikuwa Mzee Nyakundi, mtu mfupi wa Nyacheki, mwenye koti jeupe lililokuwa na matundu ya asidi kifuani. Alikitazama cheti changu, akakirudisha, akanipeleka kwenye sinki.

"Osha," akasema.

Niliosha glasi kwa majuma. Kila nilipomaliza moja aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaimwagia maji kidogo. Kama maji yaliteremka yote pamoja, aliipanga rafuni. Kama yaliacha matone yaliyong'ang'ania ukutani, aliirudisha kwenye sinki bila neno. Nilimchukia sana. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimesoma miaka yote ile ili niwe mwosha vikombe, naye akanijibu kwamba basi vya nyumbani pia vinaningoja.

Kazi ya pili aliyonipa ilikuwa mtambo wa maji. Nyinyi mmeletewa mpya unaozima wenyewe, mshukuruni Mungu. Wetu ulikuwa wa glasi, na ulihitaji kukaliwa kama mgonjwa. Maji ya bomba yanachemshwa, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa, unarudi kuwa maji, tone moja baada ya jingine, na uchafu wote unabaki nyuma. Yale yanayotoka tuliyaita maji ya distili. Tuliyatia kwenye zile chupa laini za plastiki zenye mrija, ambazo ukizibana hutoa uzi mwembamba wa maji. Mzee Nyakundi alikuwa na sheria chache, lakini hii ilikuwa ya kwanza: hakuna mkono mwingine unaojaza chupa zile ila wa fundi wa maabara. Siku moja mwanafunzi mwenye haraka alijaza moja kwa maji ya bomba. Mzee hakumgombeza. Alizimwaga zote, hata zile alizojua ni safi, akaanza upya, na darasa zima likakaa likimtazama akitonesha maji mpaka mchana.

"Sasa sijui ni gani ya kweli," akatuambia. "Nikikupa hii chupa, nakuambia ndani hakuna kitu. Kama kuna kitu, mimi ni mwongo."

Alipostaafu aliniachia mtambo, sheria, na kigoda. Nimeishi na vyote vitatu.

Tena palikuwa na desturi ya kutumwa. Mwanafunzi anayengoja kitu kikauke haruhusiwi kukaa akibonyeza simu. Anatumwa. Kalete barafu kwa muuza samaki. Kamwombe mlinzi ufunguo wa stoo ya gesi. Kapeleke hizi bika, hivi vikombe vya kioo, kwa wale wa baiolojia, na uwaulize zile tulizowaazima zilikufa lini. Wapo waliolalamika kwamba wamekuja kusomea kemia wamegeuzwa matarishi. Mimi pia nililalamika enzi zangu. Lakini mtu anayerudi kutoka kutumwa hukitazama kibakuli chake kwa macho mapya, na mara nyingi ndipo anapoona alichokosea.

Sasa niwaeleze kuhusu Moraa, maana siku yake moja ina mafunzo yangu yote.

Moraa alitoka Gesima, kule kwenye majani chai, binti mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa diploma, tena kwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliacha masomo kwa sababu mama yake alianguka kwenye utelezi akavunjika nyonga, na nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumwinua, kumwogesha, na kumfundisha kutembea tena. Mwaka ukapita. Wenzake wakahitimu. Alirudi akiwa mkubwa kuliko darasa lake, na sikumsikia hata siku moja akimlaumu mtu.

Projekti yake ilikuwa kuhusu maji ya chemchemi ya kwao. Alitaka kujua yamebeba kiasi gani cha chumvi na madini. Njia yake ni rahisi kuieleza, ila inachosha kuifanya. Unapima kibakuli kitupu cha kauri. Unatia maji kwa kipimo. Unakiweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka mpaka maji ya ndani yaishe, kisha unakitia ovenini. Baadaye unakipoza ndani ya desiketa, kile chungu kizito cha kioo chenye kifuniko kisichoruhusu unyevu, halafu unapima. Unarudisha ovenini, unapoza, unapima tena. Unarudia mpaka uzito ukatae kubadilika. Kinachobaki kibakulini ndicho kilichokuwa ndani ya maji. Na kwa sababu mtu mmoja anaweza kukosea, unafanya vibakuli viwili kwa pamoja. Vikikubaliana, unaandika. Visipokubaliana, unalia kidogo kisha unaanza upya.

Maji yake ya kwanza yalinywewa. Aliyahifadhi kwenye friji ya maabara, karatasi ya jina ikabanduka kwa unyevu, na fundi aliyekuja kutengeneza paa akaona chupa ya maji baridi. Alituambia yalikuwa matamu sana. Lingekuwa jambo la kucheka, ila msimamizi wa Moraa, Mwalimu Ombati, alikuwa anasafiri kesho yake kwenda masomoni ng'ambo, na jibu la projekti lilipaswa kuwa mkononi mwake kabla hajafunga ofisi siku hiyo ya safari. Bila hivyo Moraa angengoja kundi la mwaka unaofuata.

Alipiga simu nyumbani usiku uleule. Asubuhi, kabla sijamaliza kufungua madirisha, mama yake alikuwa mlangoni. Alikuja na fimbo mkono mmoja na jerikeni mkono wa pili, leso imefungwa kiunoni, viatu vimejaa tope jekundu la Gesima.

"Bwakire buya," akanisalimu. "Mimi ni Mama Moraa. Nimeleta maji ya mtoto."

Nilimwitikia, nikampokea jerikeni. Ilikuwa nzito. Nikamuuliza amewezaje na ile nyonga.

"Polepole tu, mwalimu. Nilikuwa nabadilisha mkono."

Moraa alikuja mbio, akamkumbatia, akamgombeza kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kwa nini hakumtuma jirani. Nilielewa nusu, maana Ekegusii changu ni cha sokoni. Mama alitabasamu tu, akimwangalia binti yake alivyovaa koti jeupe.

Tulianza, mama akitutazama kutoka barazani. Moraa aliosha vibakuli viwili kwa sabuni na maji ya bomba, akavisuuza kwa maji ya distili, akavikausha, akavipima, akatia maji ya chemchemi kwa pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia, mkono umetulia kabisa. Tukaviweka juu ya sufuria. Nje mvua ilianza ile ya Kisii isiyouliza mtu, na Mama Moraa alikuwa bado amesimama barazani akilowa ubavu mmoja. Sheria inasema mgeni haingii maabara. Nikatoa kigoda, nikakiweka ndani karibu na mlango, nikamwambia akae. Nikiulizwa leo, nitamkalisha tena.

Siku ikawa ya kungoja. Nilimtuma Moraa barafu, akaleta. Nilimtuma kwa mlinzi, akaenda akarudi. Sufuria ilipopungukiwa nilichota maji ya bomba kwenye ndoo na kuiongeza, na mama alikuwa akitazama kila kitu kwa makini, fimbo kati ya magoti. Aliniuliza kama hawa watoto wanakula. Nikamwambia wanakula, lakini nje. Akaniuliza kama mimi nina watoto. Nikamwambia ninao watatu, wote wamehamia Nairobi, wananipigia wakikosa kukumbuka jinsi ya kupika pilau. Alicheka mpaka akajishika nyonga.

Baadaye Mwalimu Ombati aliita Moraa ofisini amwonyeshe kurasa za mwanzo, nami nikaenda stoo kubadilisha mtungi wa gesi uliokuwa unakaribia kuisha. Sikukawia. Niliporudi, Moraa naye alikuwa anaingia kwa mlango mwingine, na wote wawili tulimkuta mama amesimama mezani, ameegemea fimbo, uso umejaa furaha ya mtu aliyewaokoa wenzake.

"Mko na bahati mimi niko," akasema. "Hii moja ilikuwa imekauka kabisa. Ilikuwa inaungua. Nimeongeza maji."

Kibakuli kimoja kilikuwa karibu kukauka, kama kilivyopaswa kuwa. Cha pili kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Mjue kwamba katika nyumba za huku, chungu kilicho motoni hakiachwi kikauke, na kikombe cha mgeni hakiachwi kikaisha. Mwanamke anayeona maji yanapungua akakaa amekunja mikono, huyo ni mvivu au ana ubaya. Mama Moraa aliniona mimi mwenyewe nikiongeza maji kwenye sufuria. Akaona vile viwili vidogo vimesahauliwa. Alifanya kile ambacho angefanya jikoni kwangu, na ningemshukuru.

Moraa hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, koti jeupe na yote, akajifunika uso.

"Mama," akasema, "hiyo tulikuwa tunataka ikauke. Tangu asubuhi tunangoja ikauke."

Nilimwona mama akielewa. Furaha ilimtoka usoni polepole, akaficha mikono yake ndani ya leso, akarudi kwenye kigoda. Nilitaka kulia, nawaambia kweli. Kuanza upya hakukuwezekana, kwa maana saa zilizobaki hazikutosha hata kukausha. Kibakuli kimoja peke yake Mwalimu Ombati asingekipokea, na alikuwa na haki.

"Nimemrudisha nyuma tena," mama akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Ile mwaka ilikuwa mimi. Na hii pia ni mimi."

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Mezani palikuwa na maji ya aina tatu. Jerikeni yake ya chemchemi, ambayo ingeongeza madini yaleyale bila kipimo. Ndoo ya maji ya bomba, yenye dawa na kutu na sijui nini kingine. Na chupa yangu laini yenye mrija. Maji ya kwao ni mepesi, yamebeba kitu kidogo mno, kwa hiyo hata mkupuo mmoja wa ndoo ungetosha kuharibu. Ni aina moja tu kati ya zile tatu ambayo ingeweza kutuokoa.

"Mama Moraa," nikasema, "hujarudisha mtu nyuma bado. Niambie tu, ulichukua maji gani?"

Alivuta fimbo yake karibu. Alidhani namtafutia kosa la pili.

"Ya ndoo?" nikauliza.

Alinitazama kama nimemtusi. "Ya ndoo mnaoshea mikono. Naweza weka hiyo kwa chakula ya mtu?"

"Ya jerikeni?"

"Hiyo ni ya Moraa. Nimeibeba kutoka nyumbani, niimwage tu hivi?" Akanyanyua kidole, akaonyesha chupa yangu. "Nilichukua hii. Asubuhi niliona huyu msichana anaosha hivyo vikombe na sabuni, na maji ya bomba, halafu mwisho kabisa anamwagia hii, kidogo kidogo, kama anaiogopa. Nikajua hii ndiyo maji ya wageni."

Moraa aliondoa mikono usoni.

Sijui kama niliwahi kuipenda kazi yangu kuliko dakika ile. Maisha yangu yote kazini nilitengeneza maji ambayo ndani yake hamna kitu. Watu huuliza fundi wa maabara hufanya nini, nami sikuwahi kuwa na jibu la kuwaridhisha. Na sasa mwaka wa msichana huyu ulikuwa unategemea kama kweli ndani ya chupa ile hamkuwa na kitu.

"Inuka," nikamwambia Moraa. "Maji hayo yataondoka yote kama yalivyokuja. Mama hakuongeza kitu, ametuongezea kungoja tu."

"Na kama si safi, Madam? Na kama kuna mtu alijaza?"

"Nilijaza mimi."

"Una uhakika?"

"Vibakuli ni viwili," nikasema. "Vitatuambia vyenyewe."

Kwa mdomo nilikuwa shujaa. Moyoni nilikuwa nahesabu kila mkono uliogusa meza ile juma zima. Nilimwendea Mwalimu Ombati nikamweleza bila kupamba. Alisikiliza, akaangalia masanduku yake yaliyokuwa mlangoni tayari, akavua koti alilokuwa ameshavaa. Akasema atakuwa ofisini, na kwamba hata hivyo mvua haijaisha.

Tukangoja. Moraa hakutumwa tena popote. Aliketi sakafuni karibu na kigoda, kichwa kikiegemea goti zima la mama yake, lile lisilo la upande wa nyonga iliyovunjika, na mama akawa anamtoa nyuzi za pamba zilizonasa nyweleni. Stima ilipepesa mara moja, wote watatu tukatazama juu, ikatulia. Kibakuli cha pili kilipokauka tuliviingiza vyote viwili ovenini, tukavitoa, tukavitia ndani ya desiketa.

Chumba cha mizani kiko ng'ambo ya ua, kama mjuavyo. Desiketa hubebwa kwa mikono miwili, vidole gumba vimekandamiza kifuniko kisiteleze, na mbebaji hasimami, hainami, hampi mtu mkono. Kwa watoto wa Kisii hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana kupita mtu mzima bila kumsalimu vizuri ni aibu. Moraa alimpita msajili, akampita mpishi, akapita walimu wawili chini ya paa la baraza. Nyuma yake alikuja mama na fimbo, akisimama kwa kila mmoja, akiwasalimu kwa niaba ya binti yake, akiwaambia tafadhali msimwone mbaya, leo amebeba.

Tulipima, tukarudi ovenini, tukapoza, tukapima tena. Uzito ukakataa kubadilika. Moraa akapiga hesabu ya kibakuli cha kwanza, kile ambacho hakikuguswa. Akapiga ya cha pili. Akapiga tena ya cha pili.

Kisha akaigeuza karatasi kunielekea. Vilikuwa vimekubaliana mpaka tarakimu ya mwisho ambayo mizani yetu inaweza kuonyesha.

Mama yake alikuwa akitutazama nyuso, sio karatasi. "Nimeharibu?" akauliza.

"Hujaharibu, Mama," Moraa akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mama alitaka kuona. Nikamwinamishia kibakuli kwenye mwanga. Chini kulikuwa na duara jeupe hafifu, kama alama inayobaki kwenye sufuria ya uji iliyooshwa vibaya. Alikitazama muda mrefu.

"Hii tu ndiyo ilikuwa ndani ya maji yetu?"

"Hiyo tu."

"Kidogo hivi," akasema. "Na vile ilikuwa nzito."

Moraa alipeleka jibu ofisini, na Mwalimu Ombati akaweka sahihi yake akiwa amesimama, mfuko begani. Mimi nilichukua jerikeni, kwani maji mengi yalikuwa yamebaki, nikachemsha chai kwenye jiko la mlinzi, maana maabarani hakupikwi hata kama mkuu ndiye mwenye njaa. Tulikunywa barazani, mvua ikiishia ishia. Kila kikombe changu kilipofika nusu, Mama Moraa alinyanyua birika akakijaza. Nilimwambia nimetosheka. Akakijaza. Nikakifunika kwa kiganja, akakitoa kiganja taratibu, akakijaza, huku akiendelea kuzungumza na binti yake kwa Ekegusii kana kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine.

Nikaacha kumzuia. Nilikunywa mpaka birika likaisha.